Makato yamethibitishwa, wewe bado!

Kijana mwenzangu, unayesoma gazeti hili umeegemea nguzo ya kituo cha daladala, au umeliazima kijiweni kabla mwenyewe hajalidai, nina swali moja kwako. Hivi ni nani aliyekuambia kwamba ukishapata kazi serikalini umepata kazi? Kama ni mjomba, msamehe, naye alisikia hivyo kwa wakubwa zake. Kama ni mwalimu wako wa sekondari, msamehe vilevile, maana huenda hata barua yake yeye bado imelala mezani kwa mtu.

Ukweli ni huu. Ukishapita usaili, ukishaitwa, ukishakabidhiwa barua ya ajira yenye nembo ya bibi na bwana, mama akapika pilau na majirani wakaanza kukuita "bosi", bado hujaajiriwa sawasawa. Umewekwa kwenye majaribio. Kanuni za utumishi wa umma zinataka mtumishi mpya wa masharti ya kudumu atumikie kwanza miezi 12 ya majaribio, halafu ndipo mwajiri aamue: athibitishwe, aongezewe muda, au aondolewe. Mpaka itoke barua ya pili, ile ya kuthibitishwa kazini, wewe ni mgeni uliyekaribishwa ndani na kuachwa umesimama.

Nasema mapema, asije mtu akatutilia maneno mdomoni. Sisi hatupingi watu kupimwa. Mhasibu anayeshika fedha za zahanati apimwe. Muuguzi anayemchoma mtoto sindano apimwe. Mtendaji anayegonga muhuri kwenye barua ya mkazi wa mtaa apimwe, tena sana. Ubishi wetu uko kwingine. Hawa watawala wetu wamechukua kitu cha maana, kipindi cha kumpima mtu, wakakigeuza kitanzi. Kimevishwa shingoni mwako na kamba ameshika mkubwa mmoja ofisini, ambaye hana saa, hana kalenda, na hakuna anayemuuliza kitu.

Najua utasema, "Mimi mwenyewe sina kazi, niko hapa nauza laini za simu, haya ya majaribio yananihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu yangu. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Uwanja wa mpira uligeuka chumba cha mtihani! Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Piga hesabu mwenyewe hapo ulipo. Kiti kimoja, watu zaidi ya 84. Anayekipata kile kiti amepita kwenye tundu la sindano: amechujwa kwa vyeti, akachujwa kwa mtihani wa kuandika, akahojiwa ana kwa ana. Na siku anakaa, anaambiwa kiti si chake, ni cha kuazima. Akigeuza shingo kuangalia dirishani anawaona wenzake 83 wamesimama nje wanangoja ateleze. Foleni ile ya nje ndiyo silaha ya mkubwa wake. "Usipotaka wapo wengi." Sentensi hiyo umeisikia gereji, umeisikia kiwandani, umeisikia kwa Mhindi na kwa Mswahili mwenzako. Sasa ijue kwamba serikalini nako ipo, ila inasemwa na mtu aliyevaa tai.

Tuje kwenye kichwa cha habari hii. Ukiwa kwenye majaribio serikali inakuambia haijakujua vizuri, inataka ikuchunguze kwanza. Sawa. Lakini siku ya mshahara wa kwanza utashangaa jinsi inavyokujua. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Nimeuchagua kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, si kwa sababu ndio wako. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Hiyo ni shilingi 105,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5: shilingi 35,000. Bima ya afya asilimia 3: shilingi 21,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2: shilingi 14,000. Jumla shilingi 175,000, robo nzima ya mshahara, na hapo kodi ya mapato bado haijapitisha panga lake.

Je, kuna hata mmoja kati ya hao aliyesema, "Ngoja kwanza athibitishwe"? Bodi ya Mikopo ilikuweka majaribio? Kodi ilikupa miezi 12 ya kuzoea mazingira? Hakuna! Kwa kukatwa wewe ni mtumishi kamili tangu siku ya kwanza, tena mtumishi mwaminifu asiyechelewa hata dakika. Kwa kupewa ndipo unageuka mtu wa kuchunguzwa.

Nenda benki kaombe mkopo wa kununua kiwanja huko Chanika au Kisarawe. Ofisa wa mikopo atakuchekea, atakupa kiti, halafu atauliza: "Barua ya kuthibitishwa unayo?" Huna. Basi asante kwa kuja. Omba ruhusa ya kwenda masomoni, utaulizwa swali lilelile. Subiri kupanda daraja, utaambiwa miaka yako ihesabiwe vizuri kwanza. Kijana mwenzako aliyeajiriwa siku moja na wewe, akapangiwa halmashauri ambayo afisa utumishi wake ni mchapakazi, anathibitishwa mwezi wa 13. Wewe uliyepangiwa kwa mtu mwenye usingizi unathibitishwa mwezi wa 26. Mlisoma darasa moja, mlifaulu sawa, mliapa kiapo kimoja. Huyo mwenzio ameshapata mkopo, ameshapandisha msingi wa nyumba, na foleni ya madaraja amekutangulia. Kosa lako ni nini? Hakuna aliyewahi kukuandikia kosa. Faili tu halikupanda ngazi kutoka masjala kwenda ofisi ya juu.

Na faili halipandi ngazi kwa miguu yake. Hapo ndipo "chai" inapoingia. Simtaji mtu, na ofisi siitaji. Lakini wewe unayejua mji huu, niambie: kitu ambacho ni haki yako, kinategemea saini ya mtu mmoja, hakina tarehe ya mwisho, na mwenye saini haadhibiwi akichelewa. Kitu cha namna hiyo katika nchi hii hupatikana vipi? Anayelala na faili lako leo kesho anaweza kukuuliza kama na wewe "umejipangaje". Rushwa haiishi hewani. Inaishi katikati ya haki yako na muhuri wa mtu mwingine, na majaribio yasiyo na mwisho ni nyumba yake ya kupanga, kodi imelipwa mwaka mzima.

Sasa tuwaulize wenyewe: haya majaribio yanawasaidia kumkamata nani?

Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watu 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaamriwa waondoke. Wapo waliokata rufaa baadaye wakasafishwa, na hilo lenyewe linasema mengi juu ya uhakiki wetu. Lakini chukua hao wengine, wale ambao vyeti vyao vilikuwa vya kughushi kweli. Miongoni mwao walikuwamo watu wa miaka mingi kazini. Kila mmoja wa hao wakongwe aliwahi kuwa mtumishi mpya, kila mmoja alipita kwenye majaribio haya haya tunayoambiwa ni chujio. Chujio gani hilo linalopitisha jiwe na kuzuia unga? Mwenye cheti cha mtu mwingine alithibitishwa, akapandishwa cheo, akaongoza wenzake. Wewe mwenye cheti chako halali, chenye jina lako la ubatizo au la madrasa, unaambiwa subiri tunakuchunguza.

Sababu ya hayo ni rahisi, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi mikoani anaijua. Hakuna anayepima. Kupima ni kazi. Inataka mtu akae karibu na mgeni, amwone anavyofanya, amwelekeze anapokosea, aandike. Ile fomu ya OPRAS iliyoletwa mwaka 2004 ilikuwa na nia hiyo. Mtumishi na mkuu wake wakubaliane malengo, wakutane katikati ya mwaka, wapime mwishoni. Ikawaje? Watumishi walizijaza fomu siku moja kabla ya mwisho, malengo na matokeo yakaandikwa kwa kalamu ileile na pumzi ileile, mkuu akasaini bila kusoma. Sasa umekuja mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Tunaukaribisha. Lakini kompyuta nayo hujazwa na mtu, na mtu ni yule yule.

Fikiria muuguzi kijana aliyepangiwa zahanati ya kijijini. Siku anaripoti anamkuta mganga mmoja, naye anafunga mizigo aende semina. Kuanzia kesho yake kijana huyu ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mfamasia, na wakati mwingine ndiye anayefagia. Anazalisha wanawake usiku kwa taa ya simu. Hapo anajaribiwa au anategemewa? Kama mmemwamini maisha ya mama na mtoto tangu usiku wa kwanza, mnasubiri nini kumwamini na barua? Au mwalimu mpya anayekabidhiwa darasa lenye watoto wamebanana hadi mlangoni, na vipindi kuanzia asubuhi hadi jioni. Mkaguzi atamwona lini? Mwalimu huyo huthibitishwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo lazima ipate taarifa kutoka juu yake, ambazo lazima ziandikwe na mtu, ambaye lazima akumbuke. Majaribio bila mpimaji ni kungoja tu. Tuite jina lake.

Utaniambia sheria zipo. Zipo, tena zina maneno mazuri. Kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007 chini ya sheria ya kazi zinasema majaribio yasizidi miezi 12, na mwajiri akiona kasoro amweleze mfanyakazi, amsikilize, ampe muda wa kujirekebisha. Safi kabisa. Lakini geuza ukurasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inasema ile sehemu inayomkinga mtu asiachishwe kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Halafu mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya mfanyakazi wa benki, ikaweka msumari: muda wa majaribio ukipita kimya kimya, mfanyakazi hathibitiki kwa sababu tu tarehe imepita. Lazima mwajiri amthibitishe. Na asiyethibitishwa hawezi kudai kinga ya aliyethibitishwa.

Kesi hiyo ilikuwa ya benki, lakini isikilize kwa masikio ya mtumishi wa umma, ambaye barua yake iko mikononi mwa ofisi ile ile iliyochelewa. Nani amechelewa? Mwajiri. Nani anaumia? Wewe. Katika biashara yoyote ya mtaani hilo lingezua ugomvi. Fundi akichelewesha shati lako wiki tatu, halafu akakutoza wewe faini ya kuchelewa, mtaa mzima ungekusanyika.

Mahakama ilisoma sheria kama ilivyo, na sheria ikitungwa hivyo hakimu afanye nini? Tunaowalaumu ni wale walioitunga, na wale wanaoiona inavyomnyonga kijana wakaiacha ikae. Wangetaka wangeibadilisha asubuhi moja. Mwaka 2016 walipotaka mtumishi wa umma mwenye malalamiko asiende moja kwa moja kwenye vyombo vya usuluhishi wa migogoro ya kazi, bali kwanza amalize ngazi zote za Sheria ya Utumishi wa Umma, ngazi ambazo huishia mezani kwa Rais, marekebisho yalipita haraka. Mwaka huo huo makato ya Bodi ya Mikopo yakapanda hadi asilimia 15, nayo yakapita haraka. Bunge letu lina mbio, bwana! Ila mbio zake zinajua njia moja tu.

Wenzetu Kenya, ambao tumezoea kuwacheka kwa mambo mengi, hili wametupita. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inaweka majaribio ya miezi sita, na kuongeza mingine hadi sita ni mpaka mfanyakazi mwenyewe akubali. Akubali! Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi ikaenda mbele zaidi, ikasema kifungu kilichomnyima aliye kwenye majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi yao. Hoja ni nyepesi kiasi cha kueleweka na mtoto: mtu ni mtu hata akiwa na wiki mbili kazini. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Haikuandika "isipokuwa aliye kwenye majaribio". Soma mwenyewe, kijitabu hakina bei kubwa.

Kuna jambo zito zaidi ya mikopo na madaraja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mtu aliye kwenye majaribio haongei. Akiona dawa zinatoka stoo kwa mlango wa nyuma, haongei. Akiambiwa aandike kwamba barabara imekwisha wakati hata greda halijafika, anaandika. Ataongeaje? Yule anayemwambia aandike ndiye atakayemwandikia yeye. Kwa hiyo tunachukua kijana akiwa bado na moto, hajazoea uozo, macho yake bado yanaona, na kitu cha kwanza tunachomfundisha ni kufumba. Mwaka mmoja wa kufumba, au miwili ikitegemea usingizi wa bosi, unatosha. Siku anapata barua yake ya kuthibitishwa ameshakuwa mmoja wao. Usishangae baadaye ukimkuta dirishani anakuambia "njoo kesho". Alifundishwa, tena kwa gharama ya serikali.

Sasa lipeleke hilo kwenye kura. Sheria ya uchaguzi iliwafanya wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo halikubaliki. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Mwezi uliofuata, Novemba 2019, ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI, na vyama vya upinzani vikajitoa vikilalamika kwamba wagombea wake wameenguliwa kwa mafungu na ofisi za kurudishia fomu zimekutwa zimefungwa. Ofisi hizo ni za nani? Za watendaji. Mtendaji mwajiri wake ni nani? Mkurugenzi. Na mkurugenzi huyo huyo ndiye msimamizi wa uchaguzi.

Simjui mtendaji gani alikuwa kwenye majaribio siku ile na gani alikuwa amethibitishwa, na sitamsingizia mtu. Nakuuliza wewe: ungekuwa wewe ndiye mtendaji, kijana wa mwezi wa tisa kazini, mkopo wa chuo unakatwa, mama nyumbani anategemea shilingi zako, na simu inaita kutoka juu ikikuambia funga ofisi mapema leo. Ungefanyaje? Usijibu haraka kishujaa. Kijiweni sote ni mashujaa. Ndiyo maana tunasema hili halihusu tabia ya kijana mmoja mmoja. Refa ambaye mkataba wake uko mfukoni mwa nahodha wa timu moja, hata akiwa mcha Mungu namna gani, wewe shabiki wa timu ya pili utalala usingizi?

Halafu angalia upande wa pili wa meza, usije ukadhani majaribio ni sheria ya watu wote. Mkuu wa Wilaya anatangazwa jioni, anaapishwa baada ya siku chache, na akishaapa tu gari lipo, nyumba ipo, dereva yupo, mlinzi yupo. Miezi 12 ya kuangaliwa kama anaweza kuongoza watu laki kadhaa? Haipo. Jana alikuwa katibu wa hamasa, leo anaweka watu ndani saa 48. Watatujibu kwamba wateule nao hutenguliwa wakati wowote. Ni kweli, tunawasikia wakitenguliwa usiku. Lakini wakati yupo yupo kamili, hakuna benki inayomuuliza barua. Anayechunguzwa miezi 12 ni dereva wake, kama naye ni mgeni kazini.

Baba zako wanalikumbuka neno "redandansi", lile la miaka ya 1990, wakati serikali ilipopunguza wafanyakazi kwa maelfu kufuata masharti ya wakopeshaji. Waliumia, wengine hawakuinuka tena. Lakini mfanyakazi wa wakati ule aliondoka na barua iliyoeleza sababu na kitu fulani mkononi, akaweza kwenda kudai kilichopunjwa. Kijana wa majaribio anayekataliwa leo anaondoka na nini? Bodi ya Mikopo itaendelea kumkumbuka, hilo nina hakika.

Kwa hiyo tunachodai si muujiza. Miezi 12 ikiisha na mwajiri hajasema lolote kwa maandishi, mtumishi ahesabiwe amethibitishwa siku hiyo hiyo. Ukimya wa mwajiri uwe ndiyo, kwa sababu kazi ya kusema hapana ni yake, na alikuwa na mwaka mzima wa kuifanya. Anayetaka kuongeza muda aongeze mara moja tu, aandike sababu, ataje kasoro, na mtumishi aweke saini kwamba amesikilizwa. Afisa anayelala na mafaili ya vijana akatwe yeye, maana mashine ya kukata mishahara tunaijua inavyofanya kazi vizuri. Na msimamizi wa uchaguzi asiwe mtu anayeshika ajira za wasaidizi wake. Chama chochote kikija kwenye kata yako kuomba kura, chetu kikiwamo, kiulize mambo haya manne. Kikianza kukueleza habari za "mchakato unaendelea", nyanyuka uende zako.

Lakini sheria haibadiliki kesho, na huenda wewe unayesoma uko mwezi wa kumi sasa hivi, au una kaka yako huko Sumbawanga au Nachingwea. Basi sikiliza. Usingoje wakukumbuke. Mwezi wa tisa ukifika, andika barua kwa mwajiri wako kupitia kwa mkuu wako wa idara, taja tarehe uliyoripoti, taja namba ya barua ya ajira, omba tathmini yako ifanyike na ueleze kwamba unataka kujua kasoro zako kama zipo. Lugha iwe ya adabu, usiweke tusi, usiweke siasa. Mwezi wa 13 wasipojibu, andika ya pili ukirejea ya kwanza, na nakala ipeleke kwa chama chako cha wafanyakazi, kile kinachokula asilimia 2 yako kila mwezi. Nacho kifanye kazi. Usimpe mtu barua mkononi kwenye korido, hata akiwa rafiki yako, hata akisema "nitamfikishia mzee". Peleka masjala. Simama hapo hapo dirishani mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe, halafu ondoka nayo, ukaiweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.